Bahasha ya makamu wa rais

Kila mada ya rushwa ikianza mi huwa namtaja mtu mmoja, na watu huniangalia kama nimetaja jina la dawa ya kikohozi. Spiro Agnew. "Nani huyo?" Na wala siwalaumu, maana Wamarekani wenyewe walipoambiwa Agosti 1968 kwamba Richard Nixon kamchagua huyu jamaa awe mgombea mwenza wake, kuna mwandishi wa TV aliingia mtaani Atlanta akawa anauliza wapita njia Spiro Agnew ni nini, mmoja akasema ni ugonjwa fulani hivi, mwingine akasema ni aina ya yai. Miaka mitano baadae hakuna aliyekuwa hamjui.

Na huku kwetu alishafika, watu wengi hawajui hili. Julai 1971, akiwa makamu wa rais, alizunguka nchi kumi, akapita Ethiopia kwa Haile Selassie, akaja Kenya kwa Mzee Kenyatta, akaenda Kongo kwa Mobutu. Wakati anarudi kwao akaongea na waandishi ndani ya ndege, akasema viongozi weusi wa Marekani badala ya kulalamika kila siku wangejifunza kitu kwa hawa wazee watatu. Mobutu! Yaani kati ya watu wote duniani unamtoa Mobutu kama mfano wa kuigwa. Nikifika hapo huwa nacheka peke yangu, kwa sababu siku anayasema hayo yeye mwenyewe alikuwa na bahasha zake za hela anapokea kimyakimya, na waliojua ni wale tu waliokuwa wanazileta.

Mi nilimjua kupitia masomo ya jioni. Kuna kipindi nilikuwa nafanya kazi mchana halafu jioni nakimbilia darasa la sheria, kozi ambayo niliiacha njiani, tusiizungumzie. Mwalimu wetu alikuwa anafundisha namna mshtakiwa anavyoweza kujibu shtaka, akafika kwenye ile ya Wamarekani ya *nolo contendere*, ambayo kwa lugha ya mtaani ni kama kusema "sikubali, ila sibishani na nyie, nihukumuni tu yaishe." Akatoa mfano wa Agnew kwa sentensi mbili akaendelea na mambo yake, mi nikabaki hapohapo. Makamu wa rais, wakili, kasimama kizimbani anasema sibishani? Usiku ule sikulala mapema, na tangu siku hiyo kila nikipata nafasi namsoma.

Kwanza tulifanana. Na yeye alisoma sheria usiku.

Alizaliwa Baltimore, jimbo la Maryland, Novemba 1918. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ugiriki, jina la ukoo lilikuwa Anagnostopoulos, alipofika Marekani akalikata likabaki Agnew. Mzee alikuwa na mgahawa, ukaja ule mdororo mkubwa wa uchumi wa 1929, benki aliyoweka akiba ikafa na hela zake, ikafika mahali mzee anauza matunda na mboga kando ya barabara na kijana anapeleka mizigo ya watu majumbani apate chochote. Akaingia chuo cha Johns Hopkins kusoma kemia, ikamshinda. Ndo akaenda kufanya kazi kampuni ya bima mchana na kusoma sheria usiku, chuo cha Baltimore, vita vikamkatisha, akapigana Ulaya akarudi na nishani ya shaba, akamaliza sheria 1947.

Sasa hapa kuna kitu nakipenda sana. Uwakili haukumlipa mwanzoni, ofisi ilikosa wateja, akatafuta ajira kwenye supamaketi moja pale Baltimore. Na kazi yake kubwa mle ndani ilikuwa kukamata wezi. Yaani yule mtu anayezunguka kwenye rafu akijifanya mteja kumbe anaangalia nani anaficha sabuni kwenye koti. Miaka minne alifanya hiyo kazi. Sijui alikamata wangapi ila kila nikimfikiria namuona hivyo, wakili mwenye digrii yake, mrefu, nywele zimelazwa vizuri nyuma, anamfuata mama wa watu kwenye rafu za makopo.

Siasa aliingia kwa hesabu. Alikuwa Demokrat kwa asili, akaambiwa na wakubwa zake kwenye sheria kwamba huko vijana wenye njaa ya vyeo wamejaa, bora aende Republican ambako foleni ni fupi. Akaenda. Mwaka 1957 akapata nafasi kwenye bodi ya rufaa za mipango miji ya kaunti ya Baltimore, ile inayoamua hapa pajengwe nini na pale pasijengwe nini. Wanaojua mambo ya viwanja mshanielewa, kwenye bodi kama hiyo ndo unajua nani ana hela na anazitafutaje. 1960 akagombea ujaji, wagombea watano, akawa wa tano. 1962 akagombea ukuu wa kaunti, wapinzani wake wa Demokrat wakawa wanagombana wao kwa wao, akapita katikati. 1966 akagombea ugavana na mpinzani wake, George Mahoney, alikuwa anafanya kampeni ya waziwazi ya kuzuia watu weusi wasihamie mitaa ya wazungu, kwa hiyo weusi na wazungu wenye msimamo wa kati wakampa Agnew kura zao. Aliingia kama mtu msafi. Mtu wa mageuzi, na kweli jimbo likapitisha sheria ya kupunguza ubaguzi kwenye nyumba.

Halafu Aprili 1968 Martin Luther King akauawa, Baltimore ikawaka moto, na gavana akawaita viongozi weusi wa mji, wachungaji na watu wa heshima, wengi wao ndo waliokuwa wameshinda mitaani usiku kutuliza vijana. Walidhani wanaenda kushauriana, kumbe wanaenda kugombezwa mbele ya kamera kama watoto wa shule. Wengi wakanyanyuka wakatoka. Ndo kikao kilichomfanya Nixon amtupie jicho.

Umakamu sitausimulia sana. Alikuwa mdomo wa Nixon, anapigana na waandishi wa habari na wanafunzi waandamanaji, kwa maneno magumu ambayo mengine aliandikiwa na watu wengine, na watu wa kawaida wakampenda kweli kweli. Kwenye hotuba zake alikuwa haishi kuhubiri kuhusu sheria na utulivu. Kufika 1973 alikuwa ndo anatajwa kuwa rais ajaye.

Turudi kwenye bahasha, maana hapo ndo penye utamu.

Unajua rushwa nyingi tunazijadili kwa juujuu, "fulani kala," basi. Kala vipi? Hii ya Agnew ilikuja kuandikwa na waendesha mashtaka kwenye waraka wa kurasa 40 ambao uliwekwa mahakamani siku ya mwisho, na ukiusoma unaona mfumo mzima kama umefunguliwa mfuniko. Maryland wakati ule kazi za kujenga zilikuwa zinatangazwa tenda, mwenye bei nzuri anapata. Lakini kazi za mainjinia washauri, wale wanaochora barabara na madaraja na mifumo ya maji taka, hazikutangazwa tenda. Mantiki ilikuwa kwamba utaalamu haununuliwi kwa bei ya chini, huwezi kumtafuta daktari wa bei rahisi. Sawa. Ila maana yake ni kwamba mwenye cheo ndo anachagua nani apewe, na kampuni za uinjinia zote zilizoiva zinafanana, kwa hiyo kinachokutofautisha wewe na mwenzio ni nini? Ndo hapo.

Kulikuwa na injinia mmoja anaitwa Lester Matz, yeye na mshirika wake walikuwa na kampuni, na tangu Agnew akiwa mkuu wa kaunti walikuwa wanatoa asilimia 5 ya malipo waliyopata kwenye kazi za kaunti. Sasa hela taslimu kampuni inaitoa wapi bila kuonekana kwenye vitabu? Walikuwa wanawapa wafanyakazi wao waaminifu bonasi, mfanyakazi anabaki na kiasi cha kulipia kodi ya ile bonasi, inayobaki anairudisha mkononi kwa bosi ikiwa noti. Safi kabisa. Kwenye vitabu ni bonasi, kwenye droo ni mlungula.

Alipokuwa gavana mambo yakakua. Akamwambia rafiki yake, mtu wa fedha anayeitwa Bud Hammerman, kwamba hapa Maryland ni kawaida mainjinia kutoa "mchango" wakipewa kazi za jimbo. Angalia hilo neno kawaida. Mwenyekiti wa tume ya barabara aliyemteua, Jerome Wolff, naye alikuwa injinia, kazi yake ikawa kumpa Hammerman orodha ya nani wanakaribia kupewa kazi, Hammerman anawapitia kukusanya. Na Agnew aliposikia Wolff naye anataka sehemu yake alikasirika! Halafu akatulia akasema hajali wao wawili wanagawanaje, ilimradi nusu ni yake. Ikawa hivyo: Agnew 50, Hammerman 25, Wolff 25. Gavana kakasirika kwamba mwingine naye anakula. Hii sehemu niliisoma mara tatu nikijiuliza huyu mtu alikuwa anajionaje, na jibu nililopata ni kwamba alijiona anadai haki yake. Alikuwa analalamika kwamba cheo kina gharama, mavazi, kukaribisha watu, na mshahara wa gavana ulikuwa dola 25,000 kwa mwaka wakati marafiki zake wote anaokula nao ni matajiri. Mtoto wa muuza mboga amefika mezani na anaona yeye peke yake ndo hana hela.

Basi Januari 1969 akaapishwa kuwa makamu wa rais. Ungedhani sasa mambo ya kaunti yameisha. Lakini Matz alikuwa na kazi alizopewa na jimbo ambazo malipo yake yalikuwa bado yanaingia, kwa hiyo mgao wa gavana haujaisha. Ni kama deni. Matz akakaa na karatasi, akapiga hesabu yake vizuri, kazi hii, malipo haya, asilimia hii, kilichotolewa, kilichobaki, akaenda Washington akapokelewa ofisini kwa makamu wa rais wa Marekani. Akamuonyesha zile hesabu. Wakazipitia pamoja. Akampa bahasha yenye kama dola 10,000 na Agnew akaiweka kwenye droo ya meza.

Matz alitoka pale akiwa ametikisika, alikuja kumwambia Wolff kwamba amemlipa mtu mlungula mle ndani, kwenye lile jengo.

Naomba nisimame hapa kidogo kwa sababu huo mtetemeko mi naujua. Kipindi kile cha masomo ya jioni, kazi yangu ya mchana ilikuwa ukarani kwa wakili mmoja, kupeleka mafaili, kupiga chapa, kusubiri mihuri. Siku moja mzee akaniita, akafungua droo, akatoa bahasha ya kaki, ile ya kawaida kabisa ya A4 iliyokunjwa katikati. "Kijana, mpelekee yule mzee wa juu, mwambie ni zile karatasi zake." Nikaishika. Karatasi haziwi na uzito ule, karatasi ukiikunja inainuka, hii ilikuwa imelala kama tofali. Nikasema shikamoo kwa yule mzee wa juu, nikasema mzee amesema ni zile karatasi zako, akasema marahaba, waambie nimepata, na hata hakuinua uso kwenye alichokuwa anasoma. Akavuta droo. Nikashuka ngazi, mikono imelowa jasho na hakuna aliyeniuliza kitu chochote. Faili letu lilitoka wiki ile ile. Nilikuwa nalipwa nauli na chakula cha mchana na nikajiambia mi ni karani tu, nimetumwa. Sijawahi kumwambia mtu hii habari mpaka leo naiandika.

Kwa hiyo nikisoma ile ya Matz naiona ile droo. Inavyovutwa taratibu na inavyorudi, na stori zinaendelea kama kawaida.

Kilichomwangusha kilianzia chini kabisa, mbali na yeye, na hapo ndo naona jinsi mambo haya yalivyo na kejeli. Mwendesha mashtaka wa serikali kuu pale Maryland alikuwa George Beall, Republican kama Agnew, kaka yake seneta wa Republican. Yeye na vijana wake watatu ofisini walikuwa wanamfuatilia mtu mwingine kabisa, Dale Anderson, Demokrat aliyechukua kiti cha ukuu wa kaunti baada ya Agnew. Januari 1973 wakaanza kuchukua vitabu vya kampuni za uinjinia. Wakaona zile bonasi. Wakambana Matz aseme anampa nani hela, wakidhani watasikia Anderson, na wakili wa Matz akawa anawazungusha akiwaonya kwamba mteja wake akifungua mdomo kuna jina kubwa sana litatoka. Wakasema tunataka. Likatoka.

Agnew alijua mapema. Aprili 1973 alikuwa ameshaenda kulalamika Ikulu kwa watu wa Nixon kwamba kuna uchunguzi Maryland utamsumbua, na zikafanywa jitihada za kumpitia yule seneta ili amtulize mdogo wake. Mdogo mtu hakutulia. Nampa heshima zake Beall kwa hilo, chama chake, familia yake, makamu wa rais wake, na bado akaendelea na kazi.

Tarehe 7 Agosti 1973 gazeti la Wall Street Journal likaandika kwamba makamu wa rais anachunguzwa. Kesho yake akaita waandishi akasema ni uongo mtupu. Mwishoni mwa Septemba akawa Los Angeles mbele ya akina mama wa Republican, ukumbi umejaa, akapaza sauti kwamba hata akishtakiwa hatajiuzulu ng'o, wakamshangilia mpaka ukumbi ukatetemeka. Nani angedhani kwamba wakati anasema hayo mawakili wake wanabembeleza.

Sasa hapa ndo uwakili wake unaingia, na ndo kitu ninachotaka kukisema kwenye hii makala yote. Watu husema mwanasheria akiiba ni aibu zaidi kwa sababu anajua sheria. Mi naona kujua sheria kulimsaidia sana bwana. Angalia alivyocheza. Kwanza akasema makamu wa rais hawezi kushtakiwa mahakamani akiwa madarakani, mpaka Bunge limuondoe kwanza. Akaenda mwenyewe kwa spika, Carl Albert, tarehe 25 Septemba, kuomba achunguzwe na Bunge, yaani mtu anaomba mwenyewe afunguliwe mchakato wa kuondolewa! Kwa sababu alijua Bunge litachukua miezi na huko ana marafiki, mahakamani hana. Spika akakataa. Serikali nayo ikaleta hoja yake, iliyoandikwa na Robert Bork, wakili wa serikali kuu, kwamba rais ndo hashtakiki akiwa kwenye kiti, makamu anashtakika. Mlango huo ukafungwa.

Akabaki na kitu kimoja cha kuuza. Kumbuka mwaka wenyewe, 1973, Watergate, ile kashfa ya watu wa Nixon kuvunja ofisi za Demokrat na kuificha, inawaka, kila mtu anaona Nixon anaweza kuanguka wakati wowote, na Nixon akianguka anayepanda ni nani? Huyu. Mwanasheria mkuu wa serikali, Elliot Richardson, alikuwa hana usingizi kwa ajili ya hilo, kupata rais ambaye siku ya kuapishwa ana kesi ya mlungula. Richardson hakuwa anataka sana afungwe, alikuwa anataka atoke, na atoke haraka. Agnew aliliona hilo vizuri kabisa, kama wakili anavyoona upande wa pili una haraka. Mtu aliyekuwa anauza saini ya cheo tangu kaunti, mali yake ya mwisho ikawa cheo chenyewe, na akakiuza kwa bei nzuri kuliko vyote: nipeni nisifungwe, chukueni kiti.

Tarehe 10 Oktoba 1973, mchana, mahakama ya Baltimore. Waandishi waliojaa mle ndani walidhani wamekuja kusikiliza ubishi wa mawakili kuhusu habari zinazovuja magazetini, mara anaingia mwenyewe. Barua ya kujiuzulu ikawa inafikishwa kwa Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje, maana sheria yao inataka barua hiyo iende kwake. Shtaka moja tu. Kukwepa kodi ya mwaka 1967, kipato cha dola 29,500 ambacho hakukitaja. Hongo hazikuwa kwenye shtaka, zilikuwa kwenye ule waraka wa kurasa 40, na hilo ndo lilikuwa sharti la upande wa pili, utoke salama lakini dunia isome. Akajibu *nolo contendere*. Jaji Walter Hoffman akamwambia, ili pasiwe na mtu wa kujidanganya, kwamba kwa shtaka hilo jibu lake ni sawasawa na kukiri kosa. Faini dola 10,000, miaka mitatu ya uangalizi, jela hakuna. Akatoka nje raia wa kawaida.

Siku mbili baadae Nixon akamteua Gerald Ford. Agosti iliyofuata Ford akawa rais. Hebu fikiria vijana wale wa Beall wangekuwa wavivu.

Watu wa kawaida walikasirika kwamba hakufungwa na mi nawaelewa, muiba kuku anakaa ndani na huyu anaenda kucheza gofu. Dale Anderson, yule waliyekuwa wanamtafuta mwanzo, yeye alikutwa na hatia 1974 akaenda jela. Lakini kuna adhabu moja naona ilimuuma Agnew kuliko faini. Mei 1974 mahakama ya juu ya Maryland ikamfutia uwakili. Majaji waliandika kwamba ni vigumu kumuonea huruma wakili aliyekufa ganzi ya maadili kiasi kwamba anaiibia kwa makusudi serikali aliyoapa kuitumikia. Ile leseni ya usiku, ya kusoma baada ya kazi, iliyomtoa kwenye rafu za supamaketi. Ikaenda. Mi sikumaliza kozi yangu na bado nikisoma hapo tumbo linanibana, sasa yeye aliyemaliza.

Akajiingiza kwenye biashara za nje, akaandika riwaya, akaandika na kitabu cha kujitetea kwamba alitishwa. Frank Sinatra, mwanamuziki, alikuwa rafiki yake wa kweli, alimkopesha hela za kulipa kodi alizokuwa anadaiwa. Nixon alikuwa anampigia simu, yeye hapokei, hawakuongea tena mpaka Nixon akafa, ndo akaenda kwenye mazishi mwaka 1994. Picha yake iliondolewa ukutani kwenye jengo la serikali ya Maryland 1979 ikarudishwa 1995, mwaka huohuo sanamu ya kichwa chake ikawekwa kwenye jengo la Bunge Washington pamoja na ya makamu wengine, na mwenyewe alihudhuria na akasema anajua kuna watu wanaona haistahili. Akafa Septemba 1996, miaka 77.

Ila kuna kitu cha katikati nimekiruka makusudi. Baada ya yeye kutoka, wanafunzi wa sheria wa chuo cha George Washington, na profesa wao, walianza kusukuma kesi ya madai kwa niaba ya walipa kodi wa Maryland: zile hongo alizochukua akiwa na cheo cha umma ni hela ya umma, arudishe. Wanafunzi! Kesi ikaburuzwa miaka, 1981 jaji akamwambia alipe, akakata rufaa akashindwa, na Januari 1983 akaandika hundi pamoja na riba, dola 268,482, ikaenda hazina ya jimbo. Alishahamia California wakati huo.

Na mwaka 1989 aliandika kuomba kwamba hela ile aliyorudisha ikatwe kwenye kodi yake, ihesabike kama hasara ya mlipa kodi wa kawaida. Waliisoma hiyo fomu, wakamkatalia.